Kabla ya Mapazia, Tuutazame Ukuta



Tumezoea kukutana hapa kuzungumza hina, liwa, udi na namna ya kupanga chumba cha bibi harusi. Leo tunaomba mtuvumilie, maana tunataka kuzungumza tofali na saruji. Tunajua mtacheka. Hata sisi tulicheka mwanzo. Kicheko kilikatika siku tuliposimama kwenye kichochoro kimoja cha Ngarenaro, Arusha, tukautazama ukuta mpya wa nyumba ya mtoto wetu umeinama upande wa njia, na watoto wa skuli wanapita chini yake na mabegi mgongoni.

Mtoto wetu huyu tulimwoza bara. Tulimsindikiza wenyewe, boti mpaka Dar es Salaam, kisha basi zaidi ya kilomita 600, na masanduku yake yote. Wengi wenu mna binti, mdogo au shoga aliyeolewa Arusha, Moshi au Tanga, kwa hiyo habari hii ni yenu pia. Na aliyeolewa Mwanakwerekwe au Chake Chake asidhani imempita. Ukuta mbovu hauna bara wala visiwani.

Ngarenaro ni mtaa wa zamani ndani ya jiji la Arusha. Nyumba zimekaribiana, vichochoro ni vyembamba, na watu wanajuana. Jina lenyewe ni la Kimaasai, maana yake maji meusi, na upo mto wenye jina hilo hilo. Asubuhi mawingu yakiondoka, Mlima Meru unasimama juu ya mji wote, mita 4,566. Adhana inasikika, majirani ni wema, na wa kwanza kumgongea mlango mtoto wetu alikuja na bakuli la mtori wa moto. Tulirudi Unguja tumeridhika, tukasema alhamdulillah, mtoto kapata kwake.

Na kwake kweli palikuwa pazuri. Bwana harusi ni kijana mchapakazi. Alijenga kama wanavyojenga wengi wetu: mwaka huu msingi, mwaka ujao boma, mwaka wa tatu bati. Tarehe ya harusi ilipokaribia kilibaki kitu kimoja tu, ukuta wa kuzunguka nyumba, ambao wenyeji wa huko wanauita fensi na sisi tunauita ukuta wa ua. Pesa zilikuwa zimekwisha na siku zimebaki chache. Akapatikana fundi aliyesema atausimamisha kwa wiki moja. Akausimamisha, ukapigwa plasta, ukapakwa rangi ya maziwa, ukawekewa geti jeusi la maua. Sisi tulipofika tuliusifia. Tulipiga hata picha za harusi mbele yake.

Ikaja mvua ya vuli.

Ufa wa kwanza ulikuwa mwembamba kama unywele, mtoto wetu hakuujali. Baada ya wiki mbili ufa ule ulikuwa unaingia sarafu. Ukatokea mwingine umelala, umekimbia chini ya ukuta kutoka nguzo moja hadi ya pili. Siku moja akaigusa saruji iliyo baina ya matofali kwa kidole, ikamegeka kama kashata. Akaning'iniza jiwe kwa uzi kutoka juu ya ukuta, kama tulivyowaona mafundi wetu wakifanya na timazi, akakuta ukuta umeliacha jiwe. Unaelekea kichochoroni.

Akamwambia mumewe. Mumewe akampigia fundi. Fundi akasema ni kawaida, plasta inakauka, atakuja kuziba. Mama mkwe akasikia, akasema maneno ambayo mtoto wetu aliyalilia kwenye simu usiku ule: "Hina haijamtoka mikononi, keshaanza kukagua kuta."

Hapo ndipo sisi tunapotaka kusema kitu chetu, na tunakisema waziwazi. Mtoto wetu alikuwa na haki ya kuukagua ukuta, na kila bibi harusi ana haki hiyo. Tena si haki tu, ni wajibu, kwa sababu ukuta ule si wake peke yake. Upande wa ndani ni sitara yake. Upande wa nje ni usalama wa watoto wa watu.

Tunakagua kila kitu isipokuwa kile kinachoweza kuua

Tujisute wenyewe kwanza. Kabla ya harusi tulikwenda Ngarenaro kuitazama nyumba. Tukapima madirisha kwa ajili ya mapazia. Tukauliza kitanda ni futi ngapi. Tukafungua mabomba jikoni, tukachungulia chooni, tukaulizana kama kabati litaingia mlangoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ukuta umejengwa lini, kwa tofali gani, juu ya msingi wa aina gani. Tuliutazama rangi yake tukaridhika. Wazee wetu walishatuambia kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tukaishia getini.

Hatukuuliza kwa sababu tatu. Kwanza, tunaona mambo ya ujenzi ni ya wanaume. Pili, tunaogopa kuonekana tuna tamaa, kwamba binti kaletewa nyumba na bado anatafuta kasoro. Tatu, tunaona ukuta wa nje si nyumba. Nyumba ni vyumba, ukuta ni pambo la kuzungukia.

Sababu hii ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, maana wajenzi nao wanaamini hivyo hivyo. Ukuta wa ua unajengwa mwisho, kwa pesa iliyobaki, kwa matofali yaliyobaki, na fundi aliyebaki. Nyumba ina paa la kuifunga juu na kuta za pembeni za kushikana. Ukuta wa ua hauna mshikaji. Umesimama peke yake kama mtu aliyesimama uwanjani, upepo wake, mvua yake, udongo wake. Kwa hiyo ukuta unaojengwa kwa makombo ndio uliostahili msingi mzuri.

Na uzito wake si wa kuchezea. Tofali moja la saruji la inchi 6 lina karibu kilo 30. Mita moja ya mraba ya ukuta wa matofali hayo ni kama kilo 300. Mtoto aliyepita hapo anarudi kutoka madrasa, msahafu kifuani, hana habari ya hesabu hiyo.

Msidhani tunatisha watu. Sisi wa Unguja tumeona kwa macho yetu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la tangu enzi ya Sayyid Barghash, ilianguka ikiwa inatengenezwa, na watu wawili wakafariki. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, kweupe, watu wako katika biashara zao, na waliokufa walizidi 20. Hayo ni majengo makubwa, yakaandikwa magazetini. Ukuta wa kichochoroni ukianguka usiku hauandikwi popote, na ukianguka mchana juu ya mtoto unaandikwa katika moyo wa mama mmoja tu.

Kilichokuwa chini ya rangi

Tulimshauri mtoto wetu asibishane na mtu, amwombe mumewe jambo moja: aletwe mtu mwingine, si yule fundi, aangalie. Kijana, Mungu amjaalie, alikubali. Akaja fundi mchundo mmoja mzee, akachimba shimo dogo pembeni mwa ukuta, na yote yakaonekana kwa nusu saa.

Msingi haukufika hata magoti. Matofali yalianza karibu juu ya udongo, na zege la chini lilikuwa jembamba kama mkate wa kumimina. Nguzo zilikuwa mbali mbali, na ndani yake mlikuwa na nondo mbili nyembamba ambazo hazikushuka mpaka msingini. Zilikuwa zimechomekwa kama vijiti vya mishikaki. Matofali yenyewe yalikuwa ya saruji kidogo. Mtengenezaji mwaminifu, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unamtolea matofali 30 hivi ya inchi 6. Mwenye tamaa anaunyoosha mfuko ule ule hata ukatoa 45 au 50. Yote kwa macho ni sawa. Ukiyagonga mawili pamoja ndipo yanasema: zuri linalia kama kengele, bovu linalia kama boga.

Lakini kilichousukuma ukuta kilikuwa kitu kingine, na hiki tunaomba mkishike sana. Kabla ya harusi ua ulijazwa kifusi ili wageni wasikanyage tope. Kifusi kilipanda upande wa ndani wa ukuta zaidi ya nusu mita, na juu yake pakasakafiwa. Ukuta ukageuzwa kazi. Ulijengwa kusitiri, sasa unatakiwa kuzuia udongo. Mvua iliponyesha maji yakaingia kwenye kifusi na hayakupata pa kutokea, kwa sababu hapakuachwa hata tundu moja chini ya ukuta la kutolea maji. Maji ya mita moja ya ujazo ni tani nzima. Udongo uliolowa ukausukuma ukuta kila siku, kidogo kidogo, kuelekea pale pasipokuwa na kitu cha kuuzuia, yaani njiani.

Mzee yule alisema ukuta wa kuzuia udongo ni ukuta mwingine kabisa. Unataka unene, msingi mpana, nondo zilizofungwa toka chini, na matundu ya maji. Hauwi hivyo kwa kupakwa rangi.

Basi mtaona kwa nini dawa ya fundi wa kwanza, ya kuja kuziba ufa, ilikuwa hatari kuliko ufa wenyewe. Sote tunaijua methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Tumeifahamu vibaya. Kuziba ufa ni kuondoa kilichouleta. Ukiupaka plasta tu umeuficha, na ufa ulioonekana ulikuwa unakusemesha.

Dini yetu imeuzungumzia ukuta

Kuna watakaosema, sasa mambo ya nondo na dini wapi na wapi? Fungueni Suratul Kahf, sura tunayoisoma kila Ijumaa. Nabii Musa, amani iwe juu yake, na yule mja mwema tunayemjua kwa jina la Khidhri, waliingia mji mmoja wana njaa. Wenyeji wakakataa kuwakaribisha. Wakakuta humo ukuta unaotaka kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha bila ya malipo. Baadaye akaeleza kwamba ulikuwa wa mayatima wawili, na chini yake ipo hazina yao. Tumeisoma aya ile mara ngapi? Mtu mwenye njaa, katika mji uliomnyima chakula, anatengeneza ukuta kwa sababu ya watoto. Sisi tumeshiba, ukuta ni wetu, na tunasema tusubiri mpaka pesa za mwezi ujao.

Tazameni pia ile habari mashuhuri ya sokoni. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alipita kwa muuza nafaka, akaingiza mkono ndani ya lundo, vidole vyake vikapata maji. Muuzaji akasema ni mvua iliyolipata. Mtume akamuuliza mbona hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika njia yake. Wapenzi wetu, ukuta ule wa Ngarenaro ndio lundo lile. Juu pakavu, pana rangi ya maziwa. Ndani mna udanganyifu, na mvua ndiyo iliyotia mkono ikatuonesha.

Na mafaqihi wetu hawakuliacha suala la ukuta ulioinama. Wameliandikia mlango wake. Katika madhehebu ya Hanafi, mwenye ukuta akishaonywa kwamba ukuta wake umeelekea njiani, akaweza kuuondoa asiuondoe, ukianguka analipa ulichoharibu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyeujenga umeinama upande wa njia tangu mwanzo anabeba dhamana. Ufafanuzi zaidi muulizeni sheikh wenu. Sisi tunachukua funzo moja tu: onyo lina uzito. Mke anapomwambia mumewe ukuta umeinama, hajamchokoza. Amemsaidia asije akasimama mbele ya Mola wake na dhamana ya mtoto wa jirani.

Sitara si urefu

Tunajua jibu la wengi wenu, kwa sababu ndilo lililokuwa jibu la mtoto wetu mwenyewe. Mzee yule aliposema upande wote wa njia uvunjwe, alilia tena. "Nitakaaje? Nyumba itakuwa wazi. Kila apitaye ataniona naanika nguo." Kwa mwanamke wa Kiislamu hilo si jambo dogo. Bibi zetu hapa mjini waliishi nyuma ya kuta nene za mawe na chokaa, na ndani ya ua walikuwa malkia, kichwa wazi, wanasuka ukili na kupepeta mchele. Sitara hiyo ndiyo tuliyomwahidi mtoto wetu tulipompeleka mbali na kwao.

Lakini sitara haipimwi kwa urefu wa ukuta. Ukuta mfupi ulio madhubuti, juu yake ukapanda michongoma au mauwa ya kutambaa, unasitiri kuliko mrefu unaoogopwa. Na ukuta unaolala macho kwa ajili yake, kila upepo ukivuma unanyanyua kichwa, umeshakunyang'anya utulivu ambao ndio mwanzo wa sitara. Mtoto wetu alikiri kwamba kwa wiki tatu hakukaa uani hata mara moja. Alikuwa na ua na hana.

Basi ukavunjwa. Pakawekwa mabati ya muda, yale yaliyobaki kwenye paa, yakafungwa kwa mirunda. Hayakuwa mazuri. Wapita njia waliuliza maswali, na wengine walisema maneno ya kejeli kuhusu harusi ya fahari na ua wa mabati. Lakini siku ya kuvunja, aliyesimama mdomoni mwa kichochoro tangu asubuhi hadi adhuhuri, akiwazuia watoto na kuwazungusha njia nyingine, alikuwa mama mkwe. Hakuomba radhi na mtoto wetu hakuidai. Kuna radhi zinazoombwa kwa miguu.

Yanayotupasa

Dada zetu mnaojiandaa kuolewa, na nyinyi mama zao na masomo wao, tunasema haya kwa mapenzi.

Siku ya kwenda kuitazama nyumba, zungukeni na nje pia. Ulizeni ukuta umejengwa lini na nani. Ulizeni kama kibali cha ujenzi kipo na kama ukuta umo ndani yake. Tazameni kama ardhi ya ndani iko juu kuliko ya nje, na kama iko, tafuteni matundu ya maji upande wa chini. Tazameni kama nguzo zipo na hazijaachana mno. Ufa kama unywele kwenye plasta usiwashughulishe sana. Ufa unaoingia sarafu, unaokwenda kama ngazi, au uliolala chini kwa urefu, huo unataka mtu wa kazi auone haraka. Na ukuta ulioinama au uliofura tumbo, msikae karibu nao. Anikeni nguo mbali, watoto wasicheze hapo, kwa umbali usiopungua urefu wa ukuta wenyewe.

Kama bado unajengwa, afadhali zaidi. Mchanga upimeni wenyewe, ni kazi ya dakika mbili. Tieni kwenye chupa nyeupe sentimita 10 za mchanga, jazeni maji, tikiseni, muiache usiku kucha. Asubuhi tope litakuwa limekaa juu ya mchanga. Likizidi milimita 8 mchanga ule ni mchafu, hautashika saruji. Huku kwetu msikubali mchanga wa pwani, chumvi yake inakula nondo. Hakikisheni tofali na zege vinamwagiwa maji, siku 7 kwa uchache. Zege linapimwa nguvu zake likifika siku 28, kwa hiyo anayejenga ukuta kwa wiki moja na kuupaka rangi wiki hiyo hiyo anapaka kitu kibichi. Hii kazi ya kumwagia maji wanawake wengi tunaifanya kila siku kwenye nyumba zetu zinazojengwa. Msiseme tena ujenzi hautuhusu.

Andikianeni na fundi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni. Itakuwaje Mola wetu atufundishe kuandika deni, na sisi tukabidhi mamilioni kwa maneno ya mdomo chini ya mwembe? Andikeni kina cha msingi, aina ya nondo, idadi ya matofali kwa mfuko, na malipo yatoke kwa hatua kila kazi inapoonekana. Na upande wetu tuwe waadilifu pia. Mafundi wengi ni watu wema wanaobanwa na wenye nyumba. Tunamkatia bei mpaka anabaki hana faida, tunamharakisha kwa sababu ya tarehe ya harusi, halafu tunashangaa ameiba saruji. Tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Katika ukuta ule wa Ngarenaro fundi alikosa, na haraka yetu ya picha nzuri ilimsaidia kukosa.

Neno kwa mume liwe na adabu, na liwe faragha. Mtoto wetu alisubiri baada ya Isha, akamwandalia chai, akamwambia: "Mume wangu, ukuta wako nimeupenda, ila nawaogopea watoto wa watu. Tutafute mtu atuangalilie." Hakumsema mbele ya ndugu zake. Hakumlinganisha na shemeji aliyejenga ghorofa. Lakini pia hakunyamaza, na hapa ndipo wengi wetu tunapopotea, tunadhani kunyamaza ndiyo adabu. Mwenye kuficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Na dhahabu yako, dada. Alipotakiwa mchango wa kujengea upya, mtoto wetu alitaka kuuza bangili za mahari yake. Tulimwambia afikiri. Makazi ni juu ya mume, na mahari ni ya mke, hakuna wa kumlazimisha. Akitoa kwa ridhaa yake ni hisani, na Mtume alimkubalia mke wa Ibn Mas'ud kumpa mumewe sadaka akapata ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Yeye aliamua kutoa bangili moja, akabakisha nyingine, na ikaandikwa. Hayo ni yao wawili.

Mwisho, jirani. Ukuta wenu ukiwa na shaka, mtu wa kwanza kuambiwa baada ya mume ni jirani wa upande ule, halafu mwenyekiti wa mtaa kwa walioko bara, au sheha kwa sisi wa hapa. Tunaona aibu kumwambia jirani kwamba ukuta wetu mpya ni mbovu. Aibu hiyo ni nafuu kuliko ya kumpelekea mkono wa tanzia.

Ukuta wa Ngarenaro sasa unajengwa tena, pole pole, msingi umeshuka mpaka ardhi ngumu, na chini yake yameachwa matundu ambayo mvua ikinyesha yanatiririsha maji hadi mferejini. Hauna rangi bado. Mtoto wetu ametutumia picha, matofali matupu ya kijivu na jamvi limetandikwa uani. Amekaa juu yake anachambua mchicha.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe za utulivu, awahifadhi wanaopita nje yake, na awape mabibi harusi wetu wote waume wanaosikia. Amin.